Mipini ya Twiga

11 Machi

Muuguzi wa zahanati amenipa kazi ya nyumbani kama mtoto wa shule. "Baba, kila mgongo ukiuma, andika. Umeuma lini, ulikuwa unafanya nini. Ukirudi nione." Nikamwambia basi anipe na karani, maana nikiandika kila unapouma sitapata nafasi ya kula. Hakucheka. Alinitazama kama fundi anavyotazama redio iliyoletwa ndani ya ndoo. Akasema mizigo niisahau. Nikamjibu nimeelewa. Kuelewa ni kazi rahisi, kila mtu anaiweza.

Mgongo: unauma. Nilikuwa nafanya nini: nilikuwa naishi.

12 Machi

Kwa kuwa muuguzi anataka kujua, nieleze. Mimi ni mchukuzi wa ghala la nafaka. Ghala liko bondeni, na njia ya kulishukia ni udongo mtupu. Jua likiwaka, malori yanateremka yenyewe hadi mlangoni, sisi tunapakua kidogo na kupiga soga. Mvua ikinyesha, madereva wanauogopa mteremko, wanasimama juu barabarani, na kila gunia lazima lishuke na miguu ya mtu. Kwa hiyo wenzetu wakiomba mvua ipungue, sisi tunaomba iongezeke. Mungu ana kazi.

Magunia yetu ni makubwa, hayabebwi na mtu mmoja. Yanalazwa juu ya machela, mmoja mbele, mwingine nyuma. Mimi mbele, Twiga nyuma. Twiga ni mwenzangu tangu nywele zangu zikiwa kichwani. Ni mrefu hata mvua inamfikia yeye kwanza. Mimi ananiita Kisiki. Watu wote wametuambia kwamba kwenye mteremko aliye mrefu ndiye akae mbele, la sivyo uzito wote utamshukia mfupi. Ni kweli. Lakini Twiga akiwa mbele sioni njia, naona shati lake tu. Na mimi ndiye ninayejua mawe. Basi tumeendelea hivyo miaka yote, uzito ukinishukia mimi, tukiwaambia watu hawajui kazi.

15 Machi

Mvua imeanza. Malori yamesimama juu. Mgongo: unauma tangu gunia la kwanza.

16 Machi

Nimeanguka. Goti lilijikunja lenyewe bila kuniomba ruhusa, gunia likaketi kwenye tope na mimi kando yake kama mgeni aliyekaribishwa. Mwavuli akatoka mbio. Mwavuli ndiye bosi wa ghala. Anashika mwavuli masika na kiangazi, na sijawahi kuona amemfunika mtu mwingine.

"Nani kaangusha?"

Kabla sijafungua mdomo, Twiga akasema, "Mimi, bosi. Nimeteleza huku nyuma."

"Anayeteleza leo, kesho akateleze kwake. Hapa si kituo cha wazee."

Akarudi ndani. Twiga akaninyanyua kwa kwapa kama mtoto. Nikamwambia, "Umejichongea bure." Akasema, "Mimi akinifukuza nitapata kwingine. Wewe nani atakuchukua, Kisiki? Labda wenye kuni."

Mke wangu amenikanda usiku kucha akiniita majina ya wanyama.

Najua sasa hali ilivyo. Mwavuli akigundua kwamba mgongo huu umekwisha, nimekwisha pamoja nao. Umri wangu ni ule ambao watu wanakuita mzee kwa heshima na kukunyima kazi kwa heshima hiyo hiyo.

19 Machi

Twiga amekuja na wazo. Amemwona mtu wa duka la majokofu akisukuma jokofu zima peke yake, huku anatafuna. Toroli la kusimama: magurudumu mawili, mipini miwili juu, na bati pana chini linaloingia chini ya mzigo kama ulimi. Unalilaza kidogo, uzito wote unakalia magurudumu, mgongo wako unabaki kuwa mapambo.

"Tutalitengeneza sisi," akasema.

"Kwa chuma gani?"

"Kisiki, wewe nyumbani kwako hujawahi kutupa kitu. Mkeo ananiambia kila siku."

20 Machi

Kweli sijawahi kutupa kitu. Tumetoa kitanda cha chuma cha binti yetu aliyeolewa. Mke wangu akasimama mlangoni. "Na siku akirudi na mabegi yake, atalala wapi?"

"Tutamlaza kwenye toroli," nikasema.

Twiga akacheka mpaka akagonga kichwa kwenye kizingiti. Mke wangu hakucheka, lakini ameturuhusu.

22 Machi

Mvua. Kazi. Mgongo: unauma. Twiga sasa anavuta machela kwa nyuma ili nisilemewe. Anavuta kama mtu anayemzuia mbuzi. Jioni alishika kikombe kwa mikono miwili.

25 Machi

Fundi wetu wa kuchomelea ni mama mmoja tunayemwita Cheche. Ana kibanda nyuma ya kituo cha mafuta, jambo ambalo halimwogopeshi yeye, linatuogopesha sisi. Amekata kile kitanda na kuunganisha fremu. Akauliza, "Mipini niipandishe hadi wapi?" Twiga akasema, "Mpime Kisiki. Mwenye mgongo ndiye mwenye toroli." Cheche akanisimamisha, akaniwekea alama kifuani kwa chaki kama nguo inayokatwa.

Ulimi ulitutoa jasho. Tulihitaji bati nene. Nyuma ya ghala kulikuwa na mizani mbovu imelala kwenye majani, na juu yake sahani ya chuma safi kabisa. Nikamwomba Mwavuli. Hata hakugeuka. "Takataka hiyo, iondoeni." Tukamshukuru kana kwamba ametupa shamba.

28 Machi

Magurudumu ya kigari cha mtoto, kutoka kwa muuza chuma chakavu. Tukalijaribu mteremkoni. Likaenda hatua chache, likazama, likasimama wima katikati ya njia kama mtu aliyesahau alichofuata. Madereva walitupigia honi. Mmoja akapaza sauti: "Wazee, mnapanda au mnavuna?"

Tope linataka gurudumu kubwa. Sisi hatuna gurudumu kubwa.

29 Machi

Tunalo. Wote wawili tulikuwa tunajua, mimi na mke wangu, na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza.

Darini kuna kiti cha magurudumu cha mama yangu. Ni mke wangu aliyemsukuma, si mimi. Mimi nilikuwa kwenye magunia. Alimsukuma mpaka jikoni, mpaka uani kuota jua, mpaka zahanati, na mama akiwa juu alikuwa anamwelekeza njia ya nyumbani kwake mwenyewe. Walikuwa wanagombana njia nzima. Siku ya mwisho mama hakumwita mwingine.

Leo amekishusha peke yake, akakifuta vumbi kwa kanga yake, akaniwekea mbele.

"Chukua. Kama kilimbeba mama yako na maneno yake yote, magunia ni kitu gani?"

Nikataka kusema jambo la maana. Nikasema, "Magurudumu yana upepo?"

"Pumbavu," akasema, na akaingia ndani.

2 Aprili

Toroli limekamilika! Magurudumu makubwa, yamefungwa ukanda wa tairi kuukuu yasiteleze. Ekseli ina grisi. Nimelisukuma uwanjani kwa Cheche na gunia zima juu yake, na mgongo haukusema neno. Nilikuwa karibu kulia, nikasingizia moshi.

Kisha akajaribu Twiga. Ee Mwenyezi Mungu. Mipini ilikuwa inamfikia nyongani. Alijikunja mpaka akaonekana anatafuta sindano iliyodondoka. Akasukuma hivyo hivyo, akarudi anasema, "Safi kabisa," huku amejishika kiuno.

Nikamwambia Cheche, "Ongeza mipini."

"Usiongeze," akasema Twiga. "Toroli ni la mgongo wake. Mimi nitainama."

"Nyie warefu mkiinama hamnyooki tena. Mimi nikinyoosha mikono juu kidogo, nani amekufa?"

"Kisiki, usilete ukaidi."

"Umejichongea kwa Mwavuli kwa ajili yangu. Niache na mimi nikupe hata shibiri moja ya bomba."

Cheche akawasha moto. "Endeleeni kubembelezana. Wapole wakishindana, mimi ndiye ninayekula." Akachukua miguu miwili ya kitanda iliyobaki, akaichomelea juu ya mipini. Kovu la kuungia linaonekana kila upande, kama pete. Sasa mipini inamfikia Twiga kifuani. Mimi nikiishika, mikono iko usawa wa masikio, kama mtu aliyeamriwa asalimu amri. Tulicheka njia nzima.

3 Aprili

Siku ya kwanza kazini. Mvua kubwa. Toroli linashuka kama limezaliwa hapo. Madereva waliotuzomea wakaja kuligusa. Mgongo: hauumi. Narudia, maana muuguzi hataamini: hauumi.

Kwa kuwa halipiti mlangoni kwangu wala kwa Twiga, tunalilaza ghalani.

7 Aprili

Mvua. Raha.

8 Aprili

Mvua. Twiga ameanza kuimba. Ningependelea mgongo uume.

12 Aprili

Naandika taratibu, maana leo nimeona kitu.

Tunafanya hivi: mmoja anasukuma, mwingine anatembea kando, mkono juu ya gunia, kulishikilia. Tunapokezana. Mtindo wa machela huo, umetukaa mwilini: mzigo ni wa watu wawili. Leo ilikuwa zamu ya Twiga kusukuma, mimi natembea kando na mkono wangu juu ya gunia. Mwavuli amesimama mlangoni, mwavuli umefunguka. Anatutazama. Anatazama mkono wangu.

Na mimi nikautazama. Nikaunyanyua kidogo, kwa kujaribu tu. Gunia halikutikisika. Twiga akaendelea kusukuma anaimba. Nikaurudisha haraka, lakini Mwavuli alikuwa ameona, na mimi nilikuwa nimeona kwamba ameona.

Mkono wangu hauna kazi. Tumezunguka jalala zima, tumekata kitanda cha mwanangu, tumeng'oa miguu ya marehemu mama, watu wazima wawili wenye akili zao, tunatengeneza kitu kinachotaka mtu mmoja. Na hakuna kati yetu aliyewahi kuuliza, "Je, mwingine?" Sijui kama ni upumbavu au ni nini. Miaka yote hatukuwahi kuwa mmoja mmoja, kwa hiyo hatukujua kuhesabu hivyo.

Sikumwambia Twiga. Nilimwambia mke wangu. Akasema, "Basi msimwonyeshe." Nikamwambia ameshaona.

14 Aprili

Mwavuli ametuita. Kwa upole, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Kazi nzuri mmefanya. Sasa tusidanganyane, wazee wangu. Toroli moja, mtu mmoja. Kila mmoja wenu alete gunia kutoka juu, nione nani analimudu."

Twiga akasema, "Bosi, sisi tunafanya pamoja."

"Nimeona mnavyofanya pamoja. Mmoja anasukuma, mwingine anasindikiza maiti."

Wachukuzi wa machela wakacheka. Hata mimi nilicheka. Lilikuwa neno zuri.

Alitangulia Twiga. Akalishusha kama anaendesha gari la harusi. Hakuharakisha, na hakulichelewesha pia. Hilo nimeliweka moyoni, sijui pa kulipeleka. Angeweza kuteleza. Kuteleza anajua, aliwahi kunitelezea kwa mdomo.

Zamu yangu ikafika. Nikashika mipini mirefu, mikono masikioni. Kwenye tambarare ilikuwa mzaha tu, lakini mtu akinitaka nishuke mteremkoni peke yangu, bila mkono wa Twiga ulionizuilia kila zamu yangu, uzito unavuta mbele na mimi sina kiwiko cha kuushikia. Nusu ya njia toroli likaanza kunivuta. Nikajitahidi kulikalisha. Nikaning'inia kwenye mipini kama nguo kwenye kamba, toroli likapiga jiwe ninalolijua miaka yote, gunia likaruka, mimi nikafuata.

Mwavuli akasema, "Kisiki, mzee wangu, pumzika." Akasogeza mwavuli upande wangu kidogo, kama mtu anayetaka kunifunika, kisha akabadili mawazo.

Twiga alinisindikiza mpaka njia panda. "Nitazungumza naye."

"Zungumza naye."

"Kesho nitazungumza naye, Kisiki. Leo amekasirika."

Akarudi kazini. Mvua ilikuwa bado.

15 Aprili

Twiga hajazungumza naye.

16 Aprili

Twiga kazungumza naye. Mwavuli kasema atafikiria.

21 Aprili

Twiga ametuletea unga. Mke wangu ameupokea kwa mikono miwili, akashukuru, na alipoondoka akauweka chini ya meza, si mahali unga unapokaa.

"Asingeweza kukataa?" akaniuliza.

"Angekataa, tungekaa nje wote wawili."

"Ndiyo. Mngekuwa wawili."

Mimi ndiye mwenye maneno katika nyumba hii, watu wanasema. Nikatoka nje kuwaangalia kuku.

30 Aprili

Mvua. Nimelala namsikiliza Mungu akinijibu maombi yangu ya zamani.

4 Mei

Nimeomba kazi kwa muuza mbao, kwa mwenye kinu, na kwa mlinzi wa kituo cha mafuta anayetafuta mwenzake. Wote wameniita mzee.

9 Mei

Twiga amekuja na gurudumu. Tindi, zile njiti za katikati, zimekatika, limepinda kama yai. Hakukaa. Wiki hizi hakai, anasimama mlangoni ameinamisha shingo, anasingizia kizingiti.

"Cheche hayupo," akasema. "Na wewe ndiye unayelijua."

Nikakaa uani nikalinyoosha. Gurudumu la kushoto, lile lililokuwa upande wa ukuta mama akiota jua. Nilichukua muda zaidi ya uliohitajika. Mke wangu alipita na ndoo, akarudi na ndoo hiyo hiyo tupu, akapita tena.

"Mgongo vipi?" Twiga akauliza.

"Unapona. Nimepata dawa, inaitwa kukosa kazi. Nikuandikie?"

Akacheka kidogo, kicheko cha mtu anayelipa nauli. Kisha akasema, "Mke wangu anajifungua mwezi ujao, Kisiki. Ningefanyaje?"

Sikuwa nimemuuliza. Nikampa gurudumu lake. Nimeandika "lake". Nitaliacha hivyo.

17 Mei

Manyunyu.

26 Mei

Jua. Njia inakauka. Watu wanatabasamu barabarani.

1 Juni

Lori la kwanza limeteremka lenyewe hadi mlangoni. Nimeambiwa, mimi siendi huko.

3 Juni

Twiga amekuja asubuhi, saa ambayo alipaswa kuwa kazini, na safari hii amekaa. Benchi likalia chini yake.

Kiangazi kimeingia, kazi ni kutoa magunia mlangoni na kuyapanga ndani, na Mwavuli ana shemeji yake amekaa bure mjini. Toroli moja, mtu mmoja. Twiga akasema sawa, basi naondoka na toroli langu. Mwavuli akamwonyesha ule ulimi. "Sahani hiyo ni ya mizani yangu. Na toroli limelala ndani ya ghala langu masika yote. Ulisikia wapi kitu cha mtu kinalala kwa mtu mwingine bila kuwa chake?"

"Ukamjibu nini?"

"Nilimwambia magurudumu ni ya mama yako."

"Akasema?"

"Akasema pole kwa msiba."

Kuku walipita. Twiga akasema, akiangalia miguu yake iliyofika katikati ya ua, "Siku ile, ningeteleza..."

"Tungekuwa tumekaa hapa tangu Aprili."

"Hivyo tu," akasema Twiga.

Nilikuwa na jibu la mke wangu la siku ya unga mdomoni, limeiva kabisa. Mke wangu mwenyewe alikuwa dirishani, anasubiri nilitoe. Nikalimeza. Nilipogeuka, dirishani hakukuwa na mtu, na Twiga aliondoka bila kuletewa chai. Katika nyumba hii hilo halijawahi kutokea.

20 Juni

Leo nimepita ghalani. Nilijiambia nakwenda kwa muuza mbao, lakini miguu ina njia zake.

Shemeji wa Mwavuli ni mtu mzima, ana kitambi na adabu nzuri. Kimo chake ni changu kabisa, tungeweza kuazimana suruali. Alikuwa amelilaza toroli juu ya magunia, msumeno wa chuma mkononi, anamalizia mpini wa pili. Alikuwa anakata pale pale kwenye kovu la Cheche. Kipande kikadondoka sakafuni kikalia, kikabingirika mpaka mguuni pangu.

"Aliyelitengeneza hili sijui alikuwa anafikiria nini," akaniambia. "Mipini ya kumsukumia nani, mlingoti?"

"Labda alikuwa na rafiki mrefu," nikasema.

"Hebu mzee, jaribu wewe, uniambie kama nimekata sawa."

Nikalishika. Viwiko vikakaa mbavuni, mipini kifuani, pale palipokuwa na chaki. Nikaingiza ulimi chini ya gunia, nikalaza, nikalisukuma kutoka mlangoni hadi mwisho wa ghala na kurudi. Lilikuwa jepesi hata aibu. Magurudumu ya mama hayakutoa sauti.

"Eh! Unalijua!"

"Tuliwahi kuonana," nikasema.

Vile vipande viwili ameniachia. Amesema ni takataka. Nilipita kwa Twiga kumpa kimoja, nikakuta mlango umefungwa na ndani mtoto mchanga analia. Sikubisha. Nimerudi navyo vyote.

Mgongo: hauumi. Nilikuwa nafanya nini: nilikuwa nafanya kazi.